Saratani ya Mbwa: Tusiuonee Ugali, Tusiyatukuze Mafuta ya Samaki

Mbwa akishagundulika ana saratani, ushauri wa chakula humfikia mwenye mbwa mapema kuliko matibabu. Mkatie ugali na wali, anaambiwa, maana wanga unalisha uvimbe. Mpe nyama tupu, mafuta ya samaki, manjano, unga wa mlonge, maji ya majani ya mstafeli. Wanaosema hivyo wanampenda mnyama, na sehemu ya wanayosema ina mizizi katika sayansi. Kwa hiyo haifai kuwapuuza.

Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hula glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi na kuichachusha hata oksijeni inapokuwepo. Kisha mwaka 2000 kundi la Gregory Ogilvie, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, lilichapisha utafiti wa mbwa 32 wenye limfoma, saratani ya tezi za limfu, waliokuwa wakitibiwa kwa doksorubisini, dawa ya saratani. Baadhi walilishwa chakula kilichoongezwa mafuta ya samaki na ajinini, kimojawapo cha vijenzi vya protini. Wenzao walipewa chakula kilekile, ila chenye mafuta ya soya. Kwa mbwa waliokuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa, kadiri omega-3, ile inayopatikana katika mafuta ya samaki, ilivyokuwa nyingi katika damu ndivyo walivyoishi muda mrefu zaidi.

Utafiti huo ndio unaotajwa kila mara, na mara nyingi husomwa vibaya. Ulipima mafuta na ajinini, haukupima kuondoa wanga. Tena mbwa wote walikuwa wanapata dawa. Hata ukimnyima mbwa wanga kabisa, ini lake litatengeneza glukosi kutokana na protini, na uvimbe utapata sehemu yake. Ugali uliopikwa vizuri mbwa anausaga bila taabu. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba amebeba nakala nyingi zaidi za jeni ya kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu, yule wa Ulaya na Asia ambaye ndiye asili ya mbwa wa kufugwa.

Nionavyo, kosa la sufuria zetu liko kwingine: ugali mkavu na mchuzi kidogo, protini karibu hakuna. Mbwa mgonjwa anayelishwa hivyo anapoteza misuli huku tumbo limejaa. Dagaa, mayai ya kuchemsha, mapafu au nyama ya bei nafuu iliyoiva vitamfaa kuliko kopo lolote la virutubisho. Unga nao uwe safi, kwani mahindi yenye kuvu hubeba sumukuvu inayoharibu ini. Nyama mbichi, inayosifiwa sana, ni hatari kwa mbwa aliye kwenye tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani: chembe nyeupe zake za damu zimepungua na bakteria wa salmonela wanaweza kumuua.

Mafuta ya samaki ndiyo pekee katika orodha ile ninayoweza kuyatetea, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Yakizidi huleta kuhara na kuchelewesha damu kuganda, kwa hiyo daktari aambiwe kabla ya upasuaji. Wala yasichanganywe na mafuta ya ini la samaki, yale wanayopewa watoto: hayo yana vitamini A na D nyingi, na mbwa akipewa kwa wingi humdhuru. Vidonge vyenye vitamini C na E nyingi vinaweza kuipunguza nguvu tibakemikali yenyewe.

Kuna pia uyoga uitwao mkia wa bata mzinga, unaouzwa kama dawa ya saratani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliujaribu kwa mbwa 15 wenye saratani ya mishipa ya damu iliyoshika bandama, na matokeo yakawapa watu matumaini makubwa. Jaribio kubwa zaidi, la mbwa 101, likatoka mwaka 2022: uyoga haukuwaongezea maisha. Matumaini yale ya kwanza bado yanauzwa.

Linaloniuma zaidi ni saratani tunayoiona sana kwa mbwa wa mitaani Afrika Mashariki, uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Huo hutibika. Sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki, kwa wiki chache tu, huponya zaidi ya mbwa 9 katika 10. Miezi inayopotea kwenye manjano na mstafeli ni miezi ya kutoka damu, na ya kuwaambukiza wengine. Kwa mbwa huyo pesa ya kwanza iende kwenye sindano, ya pili kwenye dagaa.

Kwa yule ambaye saratani yake haina tena tiba, masharti ya chakula yalegezwe. Apashiwe chakula kidogo kidogo, kinukie, apewe anachokipenda. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kichefuchefu au ya hamu ya kula. Vitunguu, zabibu na vitu vyenye zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ndivyo vibaki marufuku.