Kuannersuit: hesabu ambayo haisomwi mpaka mwisho

Tangu Bunge la Greenland, kisiwa kinachojitawala chini ya Denmark, lipitishe, mwishoni mwa mwaka 2021, sheria ya kuzuia uchimbaji wa madini yenye urani, metali yenye mionzi, wapo wanaowaona Wagreenland kuwa watu waliokalia utajiri huku wakiishi kwa kupewa. Hoja yao si ya kupuuzwa. Samaki na uduvi ni zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa zinazouzwa nje, ruzuku ya Denmark hubeba karibu nusu ya bajeti, na mlima wa Kuannersuit, karibu na mji wa Narsaq, una madini adimu, yaliyochanganyika na urani, yanayotafutwa kwa mitambo ya upepo na magari ya umeme.

Hata hivyo, Sheria ya Kujitawala ya mwaka 2009 inasema kwamba mapato ya madini yakizidi krona milioni 75 kwa mwaka, nusu ya ziada hiyo hukatwa kwenye ruzuku. Kwa hiyo, juu ya kiwango hicho, kila krona mbili ambazo Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ingezipata mgodini zingepunguza krona moja inayotoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Kwa anayehesabu uhuru, hiyo ni njia ya kuachana na Denmark taratibu. Kwa anayehesabu shule na zahanati, ni faida iliyokatwa nusu kabla ya kumfikia, ilhali vumbi halikatwi nusu. Vumbi lingebaki lote Narsaq, mji wa watu wapatao 1,300, katika eneo la kusini ambalo ni mojawapo ya mahali pachache nchini panapofugwa kondoo. Mabaki ya mgodi yalipangwa kuwekwa katika ziwa Taseq, juu ya mji huo huo, nyuma ya kuta ambazo zingepaswa kusimama imara muda mrefu baada ya kampuni kuondoka.

Wala Wagreenland hawakukataa kila mgodi. Sheria ya urani, iliyoletwa baada ya chama cha Inuit Ataqatigiit kushinda uchaguzi wa Aprili 2021, inaweka kikomo cha gramu 100 za urani kwa tani ya mwamba. Madini mengine yako wazi.

Penye udhaifu ni katika kuyumba. Katazo la awali la urani liliondolewa mwaka 2013 kwa kura 15 dhidi ya 14, kisha likarudishwa, na sasa kampuni iliyopewa leseni ya utafiti huko Kuannersuit inadai fidia ya hadi dola bilioni 11.5, kiasi kinachozidi mara kadhaa pato la nchi kwa mwaka. Dai la namna hiyo humtia hofu hata mwekezaji wa dhahabu asiyehusika na urani, na huyo Greenland bado inamhitaji.