Mlipeni fundi kwa kupima, msisubiri auze bodi

Jirani yangu hapa Kyanja, mama mtu mzima anayelea wajukuu, aliambiwa hivi karibuni kwamba bodi ya mashine yake ya kufulia, yaani saketi ya kielektroniki inayoiongoza, imeungua. Fundi aliyetoa hukumu hiyo hakufungua hata skrubu moja. Aliiwasha mashine, akatazama herufi zilizokuwa zikiwaka na kuzima kwenye kioo, akasikitika kidogo na kutamka, "Mama, bodi imekufa. Nipatie laki nne nikuletee nyingine." Kilichomwokoa mama huyo ni kwamba laki nne hazikuwepo. Baadaye kijana aliyeitwa kurekebisha bomba la tangi aliinama mbele ya mashine hiyo, akafungua kifuniko cha filta upande wa chini, akatoa sarafu ya shilingi 500, vifungo, na nyuzi zilizosokotana na nywele, akakirudisha kifuniko, na maji yaliyokuwa yametuama ndani yakatoka yote. Alikunywa chai, akaenda zake.

Herufi zile hazikuwa fumbo. Kwenye mashine za LG, OE ni taarifa kwamba maji hayatoki. Kwenye za Samsung utaona 5C au 5E. Bosch nyingi huandika E18. Zote zinamtuma fundi kwenye filta, kisha kwenye bomba la kutolea maji, kisha kwenye pampu, kabla hajafikiria jambo lingine lolote. Hayo yameandikwa kwenye kile kitabu kinachokuja na mashine, ambacho wengi wetu tulikitupa pamoja na boksi.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba ninawatukana mafundi. Yule wa laki nne hakuwa mjinga. Alikuwa mfanyabiashara, na biashara hiyo tumemfundisha sisi wenyewe. Wateja wa Kampala tuna desturi moja tunayoiona kuwa ujanja mkubwa: hatumlipi mtu kwa kutazama. Fundi anatoka Bwaise kwa boda hadi Kira, anapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, anatumia saa nzima kupima, na akisema kwamba tatizo ni uchafu tu, tunamshukuru, tunampa soda, na pengine nauli ya kurudi ikiwa siku hiyo tumeamka vizuri. Akisema ni bodi, tunalalamika, tunapunguzapunguza bei, kisha tunatoa pesa. Sasa niambieni, mtu mwenye watoto wanaosubiri karo atajifunza kusema lipi kati ya hayo mawili?

Kwenye kliniki ya mtaani tunalipia kipimo cha malaria hata kikionyesha kwamba hakuna malaria, wala hakuna anayemwambia mhudumu wa maabara kwamba atamlipa iwapo tu vijidudu vitapatikana. Tukifika kwa fundi, akili hiyo tunaiacha mlangoni. Tunamwekea masharti ambayo chini yake ukweli ni hasara kwake, halafu tunashangaa kwamba mji mzima umejaa bodi zilizokufa.

Ninachotaka ni kitu kidogo: tukubaliane kwenye simu ada ya kupima, tumlipe fundi ada hiyo akikuta kitu au asipokuta, na bei ya ukarabati iwe mazungumzo mengine kabisa, yanayoanza baada ya ada kuingia mfukoni mwake. Wapo wanaosema kwamba ada hiyo ikatwe kwenye bei ya ukarabati mteja akikubali kutengenezewa. Siipendi hata hiyo, kwa sababu mteja ambaye ameshatoa pesa ya kupima ataona heri akubali ukarabati wowote ili pesa yake isipotee, na fundi analijua hilo vizuri sana. Tuviache viwe vitu viwili. Najua jibu litakalokuja: maisha ni magumu, nani ana pesa ya kulipia kutazamwa? Ni kweli kwamba kuna nyumba ambazo shilingi elfu thelathini ni chakula cha siku kadhaa, na sina jibu zuri kwa nyumba hizo. Ila mwenye mashine ya milioni mbili anayekataa kutoa elfu thelathini za kupimiwa asinililie mimi.

Na ada hiyo ikishalipwa, tudai kipimo chenyewe, si kutikisa kichwa. Fundi asiyekuja na mita ya kupimia umeme hakuja kupima. Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 240 inapaswa kuonyesha ukinzani wa takriban omu 29. Ikionyesha kwamba njia imekatika, hita ndiyo imekufa, na bodi haina hatia. Pipa likizungushwa kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, likikwaruza na kuyumba, hizo ni beringi, na mtu wa beringi anapaswa kukwambia mapema kwamba kazi hiyo ni ya kufumua mashine nzima. Mota ya zamani inayotumia kaboni, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme kwa kusuguana na mota, ikiacha kuzunguka, zitazamwe kaboni kwanza, kwani huisha kwa kusagika na ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa. Mambo haya hayahitaji ndege ya kuleta mtaalamu kutoka Ujerumani.

Kuna jambo moja linaloniudhi kuliko hayo yote, nalo ni la maji. Mashine nyingi za siku hizi zinahitaji shinikizo lisilopungua baa 0.5, na nyingine zinaomba baa nzima. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tangi lililokaa juu ya nguzo za mita 3 linakupa takriban baa 0.3, na kidogo zaidi likiwa limejaa, hata ulinunue pana namna gani. Siku ambayo maji ya mfereji ya shirika la National Water yanaingia moja kwa moja, mashine inafua bila shida. Siku ambayo nyumba inategemea tangi, mashine inasubiri, inachoka, na kuandika IE au 4C, yaani maji hayaingii inavyotakiwa. Fundi anaitwa siku hiyo ya pili. Anabadilisha vali ya kuingizia maji, analipwa, na kesho yake maji ya mfereji yanarudi, kila mtu anafurahi na kumsifu. Baada ya wiki mchezo unaanza upya, na safari hii, mmeshakisia, ni bodi. Mtu anayejua kazi angeuliza swali moja kabla ya kugusa bisibisi, kwamba maji ya mashine hii yanatoka wapi, kisha angesafisha kile kichujio kidogo cha waya mahali bomba linapoingilia, ambacho hapa kwetu hujaa mchanga na kutu, na kushauri tangi liinuliwe au ifungwe pampu ndogo ya kusukuma maji. Ushauri huo ni ujuzi mtupu, hauna kipuri ndani yake, na ndiyo maana hakuna anayeutoa bure.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bodi hufa kweli. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huziua, na asiyefunga kifaa cha kulinda volti anajitafutia. Lakini kisingizio cha umeme kimetumika mno. Zamani kila kitu kilikuwa kosa la Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ilipochukua usambazaji, lawama nazo zimehamia huko bila kupumzika njiani. Filta iliyoziba haijawahi kushtakiwa.

Kuhusu mahali pa kumpata fundi, nitasema kwa ufupi. Vituo vya mawakala wa kampuni vina vipuri halisi na foleni ndefu, na mashine ikiwa bado kwenye dhamana asiiguse mtu mwingine. Katwe kuna mikono hodari ya chuma na mota, ingawa si kila mkono huo umezoea mashine yenye kompyuta ndani. Vyeti vya DIT, kurugenzi ya mafunzo ya viwanda, vya watu waliojifunza kazi wakiwa kazini vina maana, na fundi aliyenacho huwa hachelewi kukuonyesha. Makundi ya WhatsApp ya mtaa yanafaa, mradi usiulize nani ni fundi mzuri, bali uulize nani aliwahi kuambiwa na fundi kwamba mashine yake haihitaji kipuri chochote. Majina machache yatakayotajwa hapo ndiyo ya kuhifadhi.

Mashine za kukaushia nguo si nyingi hapa, kwa kuwa jua tunalo, lakini mwenye nayo asafishe vumbi la nguo kila anapomaliza kukausha, maana hewa ya moto iliyozibwa njia huweza kuwasha moto nyumba.

Kipuri kikibadilishwa, cha zamani kibaki kwako, na risiti iandikwe, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma kibiashara aifanye kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Hakuna atakayekwenda kwa wakili kwa ajili ya pampu, hilo nalijua. Ila karatasi yenye jina, tarehe na kazi iliyofanywa inatosha kumfikisha mtu mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na nimewaona mafundi wanaompandishia mteja sauti uani wakizungumza kwa upole wa ajabu wakiwa kwenye benchi la mwenyekiti.