Vibarua nao wana haki ya mkataba

Kuna makala niliyoisoma inayosema vibarua wa viwandani hapa Lubumbashi hawawezi kudai mkataba kwa sababu wanalipwa kwa siku. Hapana! Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002, kifungu cha 40, iko wazi: aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kudumu. Mdogo wangu anafunga mifuko kiwandani huko Kampemba, hapa hapa mjini. Jioni anapewa pesa mkononi, hasaini popote. Mashine ilipomuunguza kiganja, majirani ndio walichanga ya dawa. Inauma sana. Ndugu zangu, andikeni kila siku ya kazi kwenye daftari, pamoja na jina la kapita, yaani msimamizi wenu. Bila hayo mtamwonyesha nini mkaguzi wa kazi?