Kabla ya kumwambia atembee, mvue viatu

Shangazi yangu alianza kutembea kwa sababu aliambiwa. Ana kisukari aina ya pili, mwaka wa 12 sasa, na miaka yote hiyo kila akitoka kliniki hurudi na maneno yaleyale: punguza wanga, meza dawa, fanya mazoezi. Mwaka juzi akaamua hilo la tatu alishike kwa dhati. Akatoa raba alizonunuliwa na binti yake, akawa kila akimaliza swala ya alfajiri anatoka kwake Ngamiani, mjini Tanga, anapiga mguu mpaka Raskazone na kurudi. Majirani walimsifu, nami nilimsifu.

Wiki ya pili nilipokwenda kumjulia hali, nikaona soksi ya mguu wa kulia imekakamaa chini ya kidole gumba. Ilikuwa damu kavu.

"Shikamoo shangazi. Umeumia lini hapa?"

"Marahaba. Wapi?" Akauinua mguu, akautazama kama wa mtu mwingine. "Wala sina habari, mwanangu."

Tulipokung'uta kiatu kikadondoka kikokoto, hakizidi punje ya mahindi. Kilikuwa kimemsaga ngozi hadi nyama, labda siku mbili, labda tatu, naye hakukisikia. Kidonda kile kilimlaza, kikampeleka kwa wapasuaji, na kilipofunga baada ya miezi minne kilikuwa kimeondoka na kidole.

Tangu siku hiyo sentensi "fanya mazoezi" ikiachwa hivyo, bila neno la mbele wala la nyuma, inaniuma. Mazoezi ni dawa ya kisukari, tena dawa kubwa. Lakini hakuna daktari anayemwambia mgonjwa "meza dawa" akanyamaza. Atasema dawa gani, ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya chakula, na nani asiimeze kabisa. Kwa nini mazoezi peke yake ndiyo tunayopewa kijumlajumla?

Mambo ya mguu yako hivi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaziharibu neva, na zinazotangulia kuharibika ni zile ndefu kuliko zote, zinazofika nyayoni. Mwanzo mtu husikia ganzi, sindano, miguu kuwaka moto usiku hadi anaitoa nje ya shuka. Kisha maumivu yanapoa. Hapo wengi hushukuru wakisema miguu imepona, kumbe ndipo ilipoacha kutoa taarifa. Wakati huohuo mishipa ya damu imekuwa myembamba, kwa hiyo hata mchubuko mdogo haupati damu ya kutosha kufunga. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakagundua kulipokucha. Sisi husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mguu uliokufa ganzi, hata kupuliza hahitaji.

Macho na figo nazo huharibika kimyakimya vivyo hivyo, na moyo na kiharusi ndivyo vinavyoua wengi. Nimeung'ang'ania mguu kwa sababu ndio tunaoutuma kwenye mazoezi.

Baada ya kidole kukatwa, ndugu walikaa kikao wakapitisha kwamba shangazi asitembee tena. Atulie, aletewe kila kitu pale kitini. Walisema kwa mapenzi, najua, lakini niliwapinga siku ile na bado nawapinga.

Kisukari cha aina ya pili kwa kiasi kikubwa ni mlango uliokwama. Insulini, homoni inayoisaidia sukari kuingia kwenye misuli, ipo, inabisha hodi, misuli haifungui, sukari inabaki kwenye damu. Msuli unapofanya kazi hufungua mlango mwingine usiohitaji insulini, ukavuta sukari wenyewe. Na ukishatulia, unaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku nzima, pengine mbili, kisha hali inarudi ilivyokuwa. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Anayekimbia Jumamosi kwenye jogging na kukaa mpaka Jumamosi ijayo anafanya jambo jema, ila dawa yake imeisha nguvu mapema Jumatatu.

Nguvu ya dawa hiyo imepimwa. Mwaka 2002 Marekani yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuupata kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, asilimia 31. Na mwaka 2016 watafiti wa New Zealand waliwalinganisha wagonjwa waliotembea dakika 30 wakati wowote na waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkubwa. Hawa wa pili sukari yao baada ya chakula ilikuwa chini kwa asilimia 12, na baada ya chakula cha jioni kwa 22. Dakika zilezile, saa tofauti! Kwa sisi ambao wali na ugali tunaula usiku kisha tunajilaza, sijui habari gani nyingine ingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kliniki.

Basi iandikwe kwenye daftari la mgonjwa kama vidonge vinavyoandikwa: dakika 10, kutwa mara tatu, baada ya kula. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide, dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, aambiwe apime sukari kabla hajatoka. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu kwanza, na mfukoni asikose peremende au sukari. Aliyeambiwa macho yanavuja damu kwa ndani asinyanyue mizigo mizito. Mwenye kidonda kibichi asitembelee mguu ule, afanye mazoezi ya mikono akiwa ameketi. Na mama anayesema kazi za nyumbani zinamtosha aulizwe kwa upole siku yake inavyokwenda, maana anayetwanga na kuchota maji kisimani si sawa na anayekaa kwenye meza ya maandazi tangu asubuhi.

Kabla ya yote hayo, avuliwe viatu. Kipimo chenyewe ni uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye wayo huku mgonjwa amefumba macho, anasema kama anausikia au hausikii. Ni kazi ya dakika chache. Shangazi alihudhuria kliniki miaka 10 kabla ya kikokoto kile, na hakuna aliyewahi kumwambia avue. Simlaumu muuguzi mwenye foleni inayotoka nje ya mlango. Lakini miaka 10 ni mingi mno.

Siku hizi anatembea tena. Si Raskazone, ni kuzunguka mitaa miwili ya Ngamiani baada ya chakula cha usiku, kwa viatu vipana vya kufunika, soksi nyeupe ili damu ionekane. Kabla ya kuvaa anakung'uta, kisha anaingiza mkono mpaka mwisho wa kiatu na kupapasa. Akirudi anaketi barazani, ananyoosha miguu, na mjukuu wake wa darasa la tano anawasha tochi ya simu na kukagua: kisigino, wayo, katikati ya vidole tisa, kimoja kimoja. Juzi alikuta alama nyekundu ubavuni mwa kidole kidogo. Viatu vile tumeviweka kando, na kesho tunakwenda kutafuta vingine, namba moja juu.