Stika ya Kijani: Nani Alipie Njia za Porini California?

Pikipiki ya porini ya California haina kibao cha namba nyuma. Ukitaka kujua kama imesajiliwa, inama upande wake wa kushoto uangalie shokapu ya mbele: hapo ndipo hubandikwa stika ndogo ya kijani yenye namba na mwaka wa kuisha. Kwenye pikipiki za magurudumu manne nayo hukaa mbele, upande huohuo wa kushoto. Baada ya safari moja ya matope huwezi kuisoma hata ukipiga magoti. Hata hivyo, juu ya stika hiyo California imejenga mpango wa njia za umma ambao umedumu zaidi ya miaka 50, na juu ya stika hiyohiyo waendeshaji, watetezi wa mazingira na wakusanya kodi wa jimbo wamekuwa wakivutana muda wote huo.

Waendeshaji wengi husema wanatozwa mara mbili na kuhudumiwa nusu. Watetezi wa mazingira husema jimbo linauza kibali cha kuharibu ardhi kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi nauunga mkono usajili wa lazima, na nitaeleza sababu. Lakini naamini pia kwamba siku pesa za usajili zinapoondoka njiani kwenda kuziba matundu mengine ya bajeti, serikali inapoteza haki ya kumwambia mtu kuwa kulipa ni wajibu wake.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1971. Ilibeba majina ya wabunge wawili wa jimbo ambao kwa kawaida wasingekaa upande mmoja: Eugene Chappie, Mrepublican wa maeneo ya vijijini, na Edwin Z'berg, Mdemokrati wa Sacramento aliyejulikana kwa kutetea mazingira. Wakati huo pikipiki nyepesi zilikuwa zimeshakuwa rahisi kununua, na kila wikendi jangwa la Mojave lilikuwa likichorwa njia mpya ambazo hakuna aliyezipanga. Februari 1972 Rais Nixon naye alitoa amri ya kuzitaka taasisi za shirikisho zitenge wapi vyombo hivi viruhusiwe na wapi visiruhusiwe. Walichokubaliana Chappie na Z'berg ni kwamba marufuku tupu haitawezekana kusimamiwa katika nchi pana namna ile, na uhuru mtupu utaimaliza ardhi. Basi anayepanda achangie, na anachochangia kitumike kumpa mahali halali pa kupanda.

Kuna jambo moja ambalo wanaobishana kuhusu ada hulipita haraka. Sheria ya mwaka 2007 iliipandisha ada ya stika kutoka dola 25 hadi dola 52 kwa miaka miwili, na makelele yakawa mengi. Lakini ada hiyo si fungu kubwa la mfuko wa njia. Fungu kubwa hutoka kwenye kodi ya mafuta. Kila petroli inayouzwa kituoni imebeba kodi iliyokusudiwa kutengeneza barabara. Mtu aliyejaza tangi la pikipiki yake akaenda kulimaliza jangwani hakukanyaga lami hata mita moja kwa mafuta yale, lakini kodi ya lami kalipa. Sheria inachukua sehemu ya kodi hiyo, ile inayokadiriwa kuwa imechomwa nje ya barabara, na kuipeleka kwenye mfuko wa njia za porini.

Neno la kushika hapo ni "inayokadiriwa". Hakuna anayesimama jangwani kupima lita. Makadirio hutegemea vitu kama idadi ya vyombo vilivyosajiliwa, idadi ya magari ya barabarani ambayo wenyewe huyapeleka porini, na idadi ya watu wanaoingia kwenye maeneo ya umma ya kuendeshea. Kwa hiyo aliyesajili pikipiki yake ametoa ada, na pia amehesabiwa. Asiyesajili anadhani amewakomoa wakubwa wa Sacramento, makao makuu ya jimbo, kwa kukwepa ada, kumbe amejiondoa kwenye hesabu inayoamua kodi aliyokwisha kulipa pampuni itamrudia kiasi gani. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutetea usajili wa lazima, na nasikitika kuwa mamlaka zenyewe haziisemi kwa sauti. Wao hukazana kuzungumzia faini.

Msomaji wa Tanzania aliwahi kuishi upande wa pili wa hoja hii. Juni 2017, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wakati ule, Philip Mpango, alitangaza kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile tuliyozoea kuiita "road license", na ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Wenye magari mabovu yaliyolala uani wakapumua, maana deni lilikuwa likikua hata gari lisipotembea. Lakini mwenye mashine ya kusaga, mvuvi mwenye injini ya boti, na bibi anayewasha kibatari wakaingia kwenye mchango ambao awali haukuwahusu. Kodi ya mafuta ni rahisi kukusanya, ila haijui mafuta yamekwenda kufanya kazi gani. Usajili unajua chombo ni cha nani, ila haujui kimetembea kiasi gani. California imejaribu kuvifunga viwili hivi pamoja, kimoja kirekebishe upofu wa mwenzake, na kama mpango wa kwenye karatasi sijaona ulio bora zaidi.

Shida ni kinachotokea pesa zikishaingia.

Lakini kwanza tuone zinahitajika kwa nini, kwa sababu wapo wanaodhani njia ya porini ni njia tu, haina gharama. Chukua kilima cha udongo wa mfinyanzi kama vilivyopo Hollister Hills, eneo la kwanza la jimbo lililotengwa kwa vyombo vya porini, lililofunguliwa mwaka 1975. Tairi lenye meno likipanda kwa nguvu huzunguka kidogo mahali pamoja na kukwangua udongo, likiacha mfereji usiozidi upana wa kiganja. Mvua ya kwanza inaukuta mfereji huo na kuugeuza njia yake. Maji yaliyokuwa yakisambaa kilimani sasa yanakimbia kwa mstari mmoja, na kadiri yanavyokimbia ndivyo yanavyochimba. Msimu unaofuata lile ni korongo linalofika magotini. Mwendeshaji akiliona analikwepa pembeni. Wa nyuma yake anafuata. Njia moja inakuwa mbili, kisha tatu, na nyasi zilizokuwa zimeushika udongo zimekwisha.

Tiba yake ni ileile anayoijua mkulima yeyote wa Usambara au Uluguru: makinga maji. Tingatinga dogo hupita, hujaza korongo, na kila baada ya hatua kadhaa hujenga tuta la kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi. Lazima kazi ifanyike udongo ukiwa na unyevu wa kutosha kushindiliwa, na njia lazima ifungwe siku za tope. Mwaka ujao inarudiwa. Hii ndiyo sababu sina imani na ada ya mara moja. Jimbo la British Columbia nchini Canada lilipoanza usajili wa lazima kwa vyombo vya porini kwenye ardhi ya umma, liliweka ada ya dola 48 za Canada, mara moja basi. Kwa kumtambua mwenye chombo inatosha. Kwa kutunza kilima kinacholiwa na maji kila masika haiwezi kutosha, hata ingekuwa mara mbili ya hiyo.

Kwa California, sheria ya 2007 iligawanya fedha za ruzuku kwa mafungu: asilimia 50 uendeshaji na matengenezo, 25 kurudisha ardhi iliyoharibika katika hali yake, 20 ulinzi wa sheria, na 5 elimu na usalama. Waendeshaji hulalamikia hasa lile fungu la asilimia 25, kwa kuwa mara nyingine "kurudisha ardhi" maana yake ni kuifunga njia, kuipanda mimea, na kuifuta kwenye ramani. Wanauliza kwa nini walipe kufungiwa. Naielewa hasira hiyo, ila siikubali. Aliyechimba ndiye anayefukia. Ukitaka kuendelea kuaminiwa na ardhi ya umma, huwezi kulipia furaha peke yake ukamwachia jirani makovu.

Lalamiko ambalo siwezi kulijibu kwa niaba ya serikali ni la mwaka 2011. Bajeti ya California ilikuwa imeelemewa, na Bunge la jimbo likapitisha kwamba kila mwezi dola 833,000 zikatwe kwenye kodi ya mafuta iliyokuwa ikienda kwenye mfuko wa njia na zipelekwe Mfuko Mkuu. Kwa mwaka ni karibu dola milioni 10. Aliyebandika stika yake kwa uaminifu hakuambiwa kwamba makinga maji ya kilima chake yatasubiri. Ndiyo, serikali ilikuwa na mashule na hospitali za kugharamia, na hakuna mtu mwenye busara atakayesema pikipiki zitangulie mgonjwa. Lakini pesa zile hazikukusanywa kama kodi ya jumla. Zilihesabiwa kama mafuta yaliyochomwa nje ya lami, na uhalali wote wa hesabu hiyo ni kurudi kwake njiani. Ukiitaka kwa hospitali, itoze kila mtu.

Tofauti ilionekana miaka kumi baadaye, kwenye milima iliyo mashariki ya mji wa Livermore. Miaka ya 1990 fedha za waendeshaji zilinunua ekari zipatazo 3,100 jirani na Carnegie, eneo jingine la jimbo la kuendeshea vyombo vya porini, ili Carnegie ipanuliwe. Upanuzi haukufanyika. Wakazi na watetezi wa mazingira walipinga, wakionyesha kwamba milima ile, ambako zamani palikuwa na mji wa machimbo ya makaa ya mawe ulioitwa Tesla, ni makazi ya viumbe adimu na ina kumbukumbu za wenyeji wa asili. Mwaka 2021 jimbo liliamua: ardhi itakuwa hifadhi ya umma isiyoingiza injini. Waendeshaji walihesabu hilo kuwa ni kuporwa. Ila safari hii sheria iliyowanyang'anya ardhi iliagiza pia karibu dola milioni 30 zirudishwe kwenye mfuko wao, pamoja na za kutafutia mahali pengine. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo inavyopaswa kufanyika. Stika haimpi mtu umiliki wa kilima. Inampa haki ya kutolewa hesabu ya pesa yake.

Wanaopinga injini porini wana hoja moja ambayo upande wa pili huikwepa. Wanasema usajili uliletwa ili mkosaji ajulikane, sasa nani anaweza kumjulia kwa stika iliyo kwenye shokapu, imejaa tope, chombo kikiwa mwendo kasi? Mfugaji aliyevunjiwa uzio anaona vumbi tu. Mpanda farasi aliyepitwa kwa fujo anakumbuka rangi ya kofia. Wako sahihi. Namba inayosomeka kwa hatua ishirini haimwumizi mwendeshaji mwema, na ingemwondolea lawama za wachache anazobebeshwa kila mwaka. Nimesikia hoja kwamba kibao hukatika kwenye matawi au kumjeruhi anayeanguka. Basi iwe stika kubwa, iwe mbele na pembeni. Hilo ni suala la fundi.

Waendeshaji nao huuliza: mbona anayetembea kwa miguu halipi? Chini ya mpango wa shirikisho wa njia za burudani, unaotokana na kodi ya mafuta ya vyombo vya porini, asilimia 30 hutengwa kwa njia za injini, 30 kwa njia zisizo za injini, na 40 kwa njia za matumizi mchanganyiko. Ina maana petroli ya pikipiki hujenga hata kijia cha mtembeaji ambacho pikipiki hairuhusiwi kukanyaga. Ni kweli, na watembeaji wangefanya vema kulijua hilo kabla ya kuwaita wenzao waharibifu. Lakini mguu hauchimbi kama tairi, na mlio wake hauvuki bonde. California yenyewe imelazimika kuweka ukomo wa desibeli 96 kwa vyombo vilivyotengenezwa kuanzia 1986, pamoja na kizuia cheche kwenye ekzosi ili msitu usiwake. Gharama hazifanani, na mchango hauwezi kufanana.

Kinachonitia wasiwasi kwa miaka ijayo ni kitu kingine. Pikipiki za umeme zimeshaingia porini. Hazina moshi, hazina kelele, na kwa ndege wanaotaga ardhini na kwa jirani mwenye kulala mapema hiyo ni habari njema. Lakini hazipiti kituo cha mafuta. Kila mmoja anayehama kutoka petroli kwenda betri anaondoka na lile fungu kubwa lililokuwa likijaza mfuko, wakati tairi lake linakwangua kilima vilevile. Ada ya stika iliyokuwa nyongeza itageuka kuwa karibu kila kitu, na ama ada itapanda sana, ama mtu atafute njia ya kupima matumizi bila kumfuatilia mwendeshaji kila kona anayokata. Kukosana kuhusu hilo kutakuwa kukali kuliko kulikopita, na ni vyema kuanze kujadiliwa sasa hivi wakati mfuko bado una kitu.