Marauder na uhuru wa mchezaji

Doom Eternal, gemu ya kupigana na mapepo kwa bunduki, ilipotoka Machi 2020, ubishi mkubwa wa wachezaji haukuhusu hadithi yake wala picha zake. Ulihusu adui mmoja. Marauder ni shujaa wa kuzimu mwenye pembe, anayebeba shoka, ngao ya nishati na bunduki ya mitutu miwili. Ukikaa mbali naye, anakurushia mashambulizi kwa shoka lake. Ukimsogelea mno, anakulipua kwa bunduki. Ukimfyatulia risasi uso kwa uso, ngao inazimeza, na kuna wakati anakuachia mbwa wa kizuka akuandame. Njia iliyokusudiwa ya kumwangusha ni kubaki umbali wa wastani, kusubiri macho yake yawake kijani kabla hajashusha shoka, kisha kumpiga papo hapo. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umeumia.

Waliomchukia wana hoja nzito. Gemu nzima imekufundisha usitulie: uruke, uchomoke upande, ubadilishe silaha kila baada ya pigo, uwachinje mapepo upate uhai na risasi. Halafu anatokea kiumbe anayekutaka umngojee. Silaha ulizokusanya na kuziboresha kwa muda mrefu zinabaki mapambo. Wengi wa wanaolalamika hawachukii ugumu hata kidogo, na ni kosa kuwajibu kwamba wajifunze kucheza. Wanachosema ni kwamba wamenyang'anywa uamuzi, na mchezaji asiye na la kuamua amebaki kufuata maelekezo tu.

Ukitaka kuona adui anayeshinikiza bila kunyang'anya, rudi hadi Pac-Man ya mwaka 1980, gemu ya kukwepa vizuka ndani ya vichochoro. Toru Iwatani na wenzake walitengeneza vizuka vinne vinavyoonekana sawa isipokuwa rangi, lakini kila kimoja kina tabia yake. Blinky anakufuata ulipo. Pinky analenga miraba minne mbele ya unakoelekea, kwa hiyo anakukata njia. Inky anapiga hesabu kutokana na mahali ulipo wewe na mahali alipo Blinky, ndiyo maana ni vigumu kumtabiri. Clyde anakukimbilia akiwa mbali, kisha akikukaribia anageuka kwenda kwenye kona yake. Vinne hivi vikikuzunguka unabanwa kweli, lakini njia ya kutokea unaichagua mwenyewe, na kosa likitokea unalijua ni lako. Adui anauliza swali, mchezaji anatunga jibu. Kwangu hapo ndipo ilipo raha ya kupambana na adui yeyote ndani ya gemu, kuanzia kizuka cha rangi moja hadi bosi, yaani adui mkuu, wa mwisho.

Tatizo ni kwamba mchezaji akiachiwa uhuru wote, mara nyingi huutumia kujichosha. Anapata mbinu moja inayofanya kazi, anairudia mpaka imkinaishe, kisha anasema gemu inachosha. Doom ya mwaka 2016, iliyoitangulia Eternal, iliruhusu hilo: mtu aliweza kung'ang'ania bunduki aipendayo karibu safari nzima na asiadhibiwe. Studio ya id Software ilipotengeneza Eternal, ililibana jambo hilo makusudi. Risasi ni chache. Pepo aitwaye Cacodemon akimezeshwa guruneti anazubaa na unaweza kummaliza hapo hapo. Mwingine, Arachnotron, ana mzinga unaoweza kung'olewa kwa pigo sahihi. Kila pepo anakuvuta utoke kwenye mazoea, na mwenye kuyakubali hayo anapata mapambano yenye kasi na fikra ambayo asingeyafikia kwa hiari yake. Hii ndiyo hoja ya upande wa pili, nami naiona ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Wakati mwingine tunachokipenda kwenye gemu ni kitu ambacho tungekikwepa kama tungeachiwa tuchague.

Hata hivyo, Cacodemon hawezi kutajwa pamoja na Marauder bila kutofautisha. Guruneti ni njia ya mkato. Usipoitumia utamwua kwa silaha nyingine, kwa gharama zaidi. Marauder anafunga karibu milango yote na kuacha mmoja. Baada yake, ndani ya sehemu ya kwanza ya The Ancient Gods, nyongeza ya Eternal iliyotoka Oktoba 2020, watengenezaji wakaja na Spirit, roho inayoingia ndani ya pepo mwingine na kumtia nguvu. Ukishamwua huyo pepo, roho yenyewe ilipaswa kuangamizwa kwa aina moja tu ya shambulio la bunduki ya plasma. Huyu ni kufuli na ufunguo wake, basi. Humsomi wala humvizii, unakumbuka tu kitufe. Ninapowalinganisha hawa wawili namwona Marauder kuwa adui bora kwa mbali, maana mlango wake mmoja una kina: ndani ya ule mwanya wa macho ya kijani, unachofanya ni juu yako.

Na wachezaji mahiri walikitumia kina hicho. Waligundua kwamba ukibadilisha silaha kwa kasi, mathalani kutoka bunduki ya mitutu miwili kwenda silaha iitwayo Ballista na kurudi, unaweza kubana mapigo kadhaa katika mwanya mmoja na kumwangusha kabla hajapata nafasi ya pili. Adui aliyeshutumiwa kuua ubunifu akawa ndiye anayeonyesha nani ameimudu gemu. Lakini ushahidi huu una kasoro yake. Mbinu hiyo ni rahisi zaidi kwa anayetumia kibodi, ambako kila silaha ina kitufe chake, kuliko kwa anayetumia pedi na kulazimika kufungua duara la silaha. Uhuru wa kweli kwa wachache wenye vidole vyepesi hauwafuti machozi wengine.

Jambo jingine linalosahaulika ni mahali anapowekwa. Mara ya kwanza unakutana na Marauder peke yake, mwishoni mwa hatua ya ARC Complex. Watetezi husema hapo ndipo anapofaa, ujifunze bila usumbufu, na kwamba kosa lilikuwa kumtupa baadaye katikati ya mapepo mengine. Naona kinyume chake. Akiwa peke yake ni mchezo wa kusubiri: huna la kupima isipokuwa umbali na mwako wa macho. Akiwa katikati ya kundi ndipo anaporudisha uamuzi. Nimalize wadogo kwanza huku nikimkimbia? Nimgeukie sasa na kuacha mgongo wazi? Hapo anafanana na kizuka cha Pac-Man, shinikizo moja kati ya mengi, na ile haki ya kuchagua inarudi mkononi mwa mchezaji.

Kuna gemu ambazo adui wa kulazimisha alizivunja kabisa, na sababu haikuwa ugumu. Deus Ex: Human Revolution ya mwaka 2011 ilijengwa juu ya uhuru: pita kwa kunyatia, kwa kudukua mitambo, kwa maneno au kwa bunduki. Kisha zikaja vita vya mabosi, vilivyotengenezwa na kampuni ya nje, Grip Entertainment, na kukutaka uue kwa silaha utake usitake. Aliyekuwa amewekeza uwezo wake wote kwenye kujificha alifika hapo mikono mitupu. Toleo la Director's Cut la 2013 liliongeza njia nyingine za kuwashinda mabosi hao. Marauder hakukutana na lawama ya namna hiyo, kwa sababu Doom haikuwahi kuahidi kwamba unaweza kupita bila kupigana. Adui anapimwa kwa kile ambacho gemu yake imekuahidi.

Elden Ring ya 2022 inaonyesha kitu kingine. Margit, bosi ambaye wachezaji wengi humkuta mapema, anainua fimbo, anaishikilia hewani kuliko ulivyotarajia, kisha anaishusha pale ambapo aliyeruka kwa hofu ameshamaliza kuruka. Wapo wanaouita huu ulaghai. Mimi siuiti hivyo, kwa kuwa kuchelewa huko kunajirudia na kunasomeka, na mtu hujifunza kutazama mkono badala ya kubonyeza kwa woga. Ugumu wa hoja unakuja kwa Malenia, bosi mwingine wa gemu hiyo, anayejirudishia uhai kila pigo lake linapokugusa, hata ukilizuia kwa ngao. Mtindo mzima wa kucheza kwa ngao unaadhibiwa. Lakini yeye si wa lazima, unaweza kumaliza gemu bila kumgusa, na unaruhusiwa kuita roho wakusaidie. Kumruhusu mchezaji kupita pembeni kunasamehe mengi.

Kuhusu maadui wanaoongezewa uhai tu ili vita virefuke, sina la kutetea sana. The Elder Scrolls IV: Oblivion ya 2006 iliwafanya majambazi wa njiani wapande pamoja na kiwango chako hadi wakavaa deraya za thamani kubwa, na kupanda ngazi kukapoteza maana. Ila uhai nao una kazi yake. Watengenezaji wa gemu ya kwanza ya Halo wamewahi kueleza kwamba wachezaji wa majaribio waliwaona maadui kuwa na akili zaidi pale walipofanywa wagumu kufa, ingawa akili yao haikubadilishwa. Adui anayekufa mara tu anapotokea hapati muda wa kuonyesha alichojua.

Ningekuwa na mamlaka juu ya Marauder ningembakiza, na lawama yangu kuu kwake ni moja. Anapotokea mara ya kwanza, gemu inasimama na kufungua dirisha la maandishi linalokueleza jinsi ya kumpiga. Goomba, adui wa kwanza kabisa katika Super Mario Bros. ya 1985, hahitaji hata neno moja: anakuja polepole kutoka kulia, ukimgusa unakufa, ukimrukia amebondeka, na umeshaelewa. Marauder ana ishara zote zinazohitajika, macho, ngao, umbali, lakini waliomtengeneza hawakumwamini ajifundishe mwenyewe kwa mchezaji. Kulifuta dirisha hilo na kumpa mwanya mpana zaidi katika pambano lile la kwanza, kisha kuubana kadiri hatua zinavyosonga, kungewanyima wapinzani wake nusu ya hoja yao, maana jibu lile moja wangelivumbua wao wenyewe.