Wawili katika mia: hesabu ya msaada wa dharura wa kodi ya pango Marekani

Mpangaji wa Chicago aliyekwama kodi ya pango alikuwa na kituo kimoja cha kupigia simu. Akikuta mfuko una pesa siku hiyo, aliweza kusaidiwa. Akiukuta mtupu, aliambiwa hakuna kitu, na hakuwa na namna ya kujua kabla ya kupiga. Wachumi watatu, William Evans, James Sullivan na Melanie Wallskog, waliona kwamba bahati hiyo ni mizani tayari: watu wa aina moja, shida za aina moja, tofauti yao ni siku tu. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba waliopiga wakati pesa zipo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kuingia katika makazi ya wasio na makao ndani ya miezi 6.

Sisi tunaoutetea msaada huu tunaipenda sana hiyo 76. Kwa hiyo ni haki tuigeuze tuone mgongo wake. Kati ya waliopiga mfuko ukiwa mtupu, walioishia kwenye makazi hayo walikuwa takriban 2 katika kila 100. Kati ya waliopiga pesa zikiwepo, hawakufika hata 1. Maana yake, wengi mno wa waliosaidiwa wasingefika huko hata kama simu isingepokewa. Wangekopa, wangeuza gari, wangehamia kwa shemeji. Watafiti wenyewe walikadiria kwamba kumwepusha mtu mmoja na makazi hayo kuligharimu kama dola 10,300. Mkosoaji anauliza: mbona mnawalipia mia ili kuwaokoa wawili?

Swali halali, lakini linachukulia kwamba wale 98 hawakupoteza kitu. Kipimo kilikuwa mlango mmoja tu, wa makazi ya wasio na makao. Anayelala ndani ya gari hapiti mlango huo. Aliyehamia kwa shemeji pia hapiti, ingawa mkataba wa shemeji mara nyingi unataja majina ya wanaoruhusiwa kuishi humo, na mgeni wa miezi mitatu anaweza kumponza mwenyeji wake. Mtoto aliyebadilishwa shule katikati ya muhula hayumo katika daftari lolote la makazi.

Halafu kuna mahakama. Kabla ya janga la korona, kwa makadirio ya Eviction Lab, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Princeton, wenye nyumba Marekani walikuwa wakifungua kesi milioni 3.6 hivi za kuwaondoa wapangaji katika mwaka wa kawaida. Kesi ikishafunguliwa jina limeingia kwenye kumbukumbu, na katika majimbo mengi linabaki humo hata mpangaji akilipa deni lote au akishinda. Kampuni zinazouza taarifa za wapangaji hulikuta, na mwenye nyumba anayefuata huliona kabla hajamwona mtu. Kodi ya miezi miwili iliyolipwa wiki moja kabla ya kesi na ileile iliyolipwa wiki moja baadaye ni pesa sawa, lakini hazinunui kitu kimoja.

Hapo ndipo lawama kubwa dhidi ya mpango wa msaada wa kodi ya pango wakati wa korona, kwamba pesa zilichelewa, inaponigusa. Kwa sheria za Desemba 2020 na Machi 2021, Bunge la Marekani lilitenga takriban dola bilioni 46.5 za kulipia kodi ya pango, malimbikizo yake na bili za umeme, maji na gesi. Hadi mwisho wa Julai 2021, zilizokuwa zimewafikia watu ni kama bilioni 5. Zilizobaki zilikwama katika majimbo, kaunti na miji, huku waombaji wakitafuta barua na vithibitisho kutoka kwa waajiri waliokwisha kufunga. Agosti Wizara ya Fedha ikazihimiza zaidi ofisi hizo zikubali maelezo ya mwombaji mwenyewe. Mwezi huohuo, tarehe 26, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikatisha amri ya serikali ya shirikisho iliyokuwa ikizuia wapangaji kutolewa.

Utafiti mwingine wa baadaye, uliofuata bahati nasibu zilizogawa msaada wa kodi ya pango wakati wa janga katika miji minne, uliona kwamba pesa ziliongeza ulipaji wa kodi kidogo na kwa muda mfupi, zikatuliza nafsi kiasi, basi. Siupuuzi. Ila wakati huo hata aliyekosa bahati nasibu huenda alikuwa amepata hundi ya serikali, au posho ya ukosefu wa kazi iliyoongezwa, au vyote viwili. Si sawa na ule utafiti wa kwanza wa Chicago, ambako aliyekosa alikosa kweli.

Wapo wanaohofia kwamba watu wataacha kulipa wakijua serikali italipa. (Kiswahili chetu kimeziita zote kodi, ya mwenye nyumba na ya serikali, hapa moja inalipa nyingine, na mlipaji ana haki ya kunung'unika.) Ajabu ni kwamba kinachomfundisha mtu kungoja mara nyingi ni masharti yenyewe: programu nyingi zinataka kwanza notisi ya kuondolewa, au notisi ya kukatiwa umeme. Anayeona mapema kwamba mwezi ujao hatamudu huambiwa arudi akishashindwa. Kwa anayekaa kwa vocha ya serikali inayomlipia sehemu ya kodi ya pango, kukatiwa umeme kunaweza kumfutia vocha yenyewe, kwa hiyo bili ndogo inaweza kuangusha nyumba nzima.

Philadelphia walilitazama hilo. Tangu 2020, mwenye nyumba wa huko anatakiwa kupitia usuluhishi kabla ya kufungua kesi ya deni la kodi, na pesa za msaada ziliunganishwa na meza hiyohiyo: zikifika, deni linakwisha na hakuna jina lililoandikwa mahakamani. Fungu la mwisho la pesa za janga kutoka serikali ya shirikisho lilifikia ukomo Septemba 30, 2025. Meza ya usuluhishi bado ipo, lakini msuluhishi asiye na fungu la kulipia deni anabaki na tarehe tu za kugawa.